Nimepewa chaki nigawanye namba ubaoni mbele ya wazazi wenzangu, na huyu bwana mnamfahamu vizuri

Mama Gunia (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, naandika haya vumbi la chaki likiwa bado kwenye kitenge changu, na sitakifua mpaka nimalize kusema.

Sitamtaja. Hakuna haja ya kumtaja mtu ambaye kikohozi chake husikika hapa Arusha tangu Ngarenaro hadi Njiro kabla dereva wake hajazima gari. Ni yule yule mkubwa wetu wa elimu, wa miwani ya kuning'inia kifuani ambayo haijawahi kupanda machoni, yule anayefungua kila hotuba kwa kusema kwamba yeye hana maneno mengi, kisha wazazi wanatoka saa nane wakiwa wameingia saa tatu.

Leo asubuhi tuliitwa wazazi wa darasa la nne na la saba kwa ajili ya kikao cha kupandisha ufaulu. Tuliketi kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu, baridi ya mwezi wa saba ikiingia kwenye dirisha lisilo na kioo, tukaelezwa kwamba kata yetu imeshika mkia katika mtihani wa utamilifu, kwamba shule imeshafanya kila linalowezekana, na kwamba aliyebaki kuwa tatizo ni mzazi peke yake.

Nilinyoosha mkono. Hilo ndilo kosa langu na ninalikiri. Nikauliza kwa heshima zote inakuwaje mwanangu asome kwenye chumba cha watoto zaidi ya tisini wakati idadi iliyowekwa ni wanafunzi 45 kwa darasa, kisha tuambiwe kwamba anafeli kwa sababu ya mama yake. Yule bwana hakunijibu. Aligeuka, akaandika ubaoni 3,042 kugawanya kwa 6, akashuka taratibu katikati ya madawati, akaniwekea chaki kiganjani na kusema: "Mama, njoo utusaidie."

Nami nikaenda. Mpaka sasa sijui ile miguu ilimwomba nani ruhusa. Nikaandika tano, nikaandika saba, nikarudi kuketi. Mimi, ninayeuza maharage soko la Kilombero kwa mwaka wa kumi na moja sasa, ninayekutajia bei ya kilo saba na robo kabla hujafungua mfuko, niliandika 57. Yule bwana akautazama ubao, akatutazama, akapanua mikono kama mtu anayepokea mvua, akasema: "Chanzo cha ufaulu duni tumekipata."

Wazazi walicheka. Yule aliyekuwa amelala nyuma aliamka ili naye acheke. Kicheko kile kilipanda Mlima Meru kikashukia upande wa pili, na sitashangaa nikisikia kwamba watu wa Ngare Nanyuki walisimamisha ng'ombe wakiulizana kuna nini mjini. Na pale dirishani pasipo na kioo, kati ya vichwa kama ishirini vya watoto waliokuwa wanachungulia, kimoja kilikuwa cha mwanangu. Wakati wa kurudi, ndani ya kifodi, alisubiri tufike karibu na kituo chetu, akaninong'oneza: "Mama, ulisahau sifuri ya katikati."

Sasa nami nigawanye yangu, bila chaki. Elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, ruzuku ya mwanafunzi wa shule ya msingi iliwekwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwaka, na kati ya hizo 4,000 hubaki huko juu kwa ajili ya vitabu. Zinazofika shuleni ni 6,000. Gawanya kwa miezi kumi na miwili, unapata shilingi 500 kwa mtoto kwa mwezi. Naomba mtu aniambie kama hapo pia nimesahau sifuri.

Lakini alinipa chaki. Mkononi. Mbele ya mwanangu.

Kijana wa Sombetini

Pole sana mama yangu. Hata hivyo, kwa faida ya wasomaji wengine, jibu ni 507.

Mteja Mwaminifu

Mama Gunia, mimi hununua kwako kila mwisho wa mwezi, na baada ya kusoma uzi huu nimelazimika kuketi na kukumbuka chenji zote nilizowahi kurudishiwa. Kama sifuri hupotea katikati ya 3,042, je, ile noti ya elfu kumi niliyokupa Jumamosi ilisalimika? Nauliza kwa upendo.

Mama Gunia

Mteja Mwaminifu, chenji yako ilikuwa sahihi na ulihesabu mara mbili mbele yangu huku ukilamba kidole. Tusitoke kwenye mada. Mtu mzima amekabidhiwa chaki.

Baba Mapacha

Dada, wewe ulipewa chaki bure. Kwetu hata kuiona chaki kunalipiwa. Shule ya wanangu ina masomo ya ziada ya saa tisa hadi saa kumi na moja, ambayo kwa maneno ni ya hiari, lakini mtoto asiyelipa huwekwa nje ya darasa mpaka wenzake wamalize, kisha asubuhi somo jipya linaendelea kutokea pale yale ya ziada yalipoishia. Mimi nina wawili wa umri mmoja, darasa moja na dawati moja. Nililipia mmoja nikamwagiza amfundishe mwenzake usiku. Mwalimu alipogundua, aliniita akaniambia kwamba ninaiibia shule maarifa. Naomba mnieleze ni kituo gani cha polisi hupokea kesi ya namna hiyo.

Mwalimu wa Zamu

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa mjini, nami nimesoma kwa utulivu ingawa naona wengi wenu mnaelekea kuniparua. Mama Gunia, pole kwa dhati. Lakini mjue kwamba bwana huyo huyo, kabla hajafika kwenu na chaki, huwa amepita kwetu na karatasi. Mwanzoni mwa mwaka tulisainishwa asilimia ya ufaulu ambayo kila darasa lazima lifikie, na ilikuwa imeshachapwa kabla hatujaulizwa tuna watoto wangapi. Kipindi changu ni dakika 40 na watoto wangu ni 94. Nikitaka kutazama daftari la kila mmoja bila kufundisha neno, bila kukohoa, bila kumtuma mtu dukani kununua kalamu, kila mtoto anapata sekunde ishirini na tano. Ndani ya sekunde hizo ndimo ninamotakiwa kuiona sifuri ya katikati.

Tena alipokuja kunikagua hakuuliza watoto wangapi hawajui kusoma. Aliuliza kwa nini andalio la somo nimeliandika kwa wino wa bluu.

Mama Gunia

Mwalimu, nashukuru, lakini kalamu ya bluu ulikuwa nayo mwenyewe. Wewe hukuwekewa kitu kiganjani.

Mzee wa Kaloleni

Wanangu, mnasahau haraka. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yalionyesha kwamba takriban asilimia 60 ya watahiniwa walipata daraja sifuri. Nchi ilitikisika, Waziri Mkuu akaunda tume, na mwezi Mei matokeo yakafutwa na kupangwa upya. Katika vurugu yote ile sikusikia tume imemsimamisha mzazi yeyote ubaoni. Halafu Januari 2023 Baraza la Mitihani likaacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora. Bwana huyu wenu amekataa kuachishwa: hupanga kata zetu mwenyewe, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, akabandika orodha ukutani utadhani ni msimamo wa ligi. Mjukuu wangu aliniuliza kama sisi tumeshuka daraja.

Binti Levolosi

Nyinyi mna bahati ya kugombana kuhusu darasa la nne. Mdogo wangu alimaliza darasa la saba akiwa wa pili shuleni, na Sayansi aliyosoma kwa Kiswahili aliijua mpaka akawa anatusumbua mezani kwa habari za usanisinuru. Januari akaingia kidato cha kwanza, masomo karibu yote yakageuka kuwa Kiingereza, na tangu hapo amekuwa kama mgeni aliyepotea stendi. Daftari lake la Baiolojia amelinakili neno kwa neno kutoka ubaoni, kwa mwandiko wa kupendeza, na hawezi kukuambia hata mstari mmoja una maana gani. Nilipoulizia, nilijibiwa na mtu ambaye kwa maelezo ya miwani ni huyu huyu, kwamba nyumbani tuzungumze Kiingereza wakati wa chakula. Bibi yetu ana miaka 81 na anakula pamoja nasi. Tumejaribu siku mbili. Alihamia jikoni.

Kijana wa Sombetini

Binti Levolosi, huo uzi ungeanzisha peke yake, ungepata wachangiaji wengi kuliko huu.

Mama Gunia

Naona mmehamia kwenye Kiingereza. Naomba turudi kwenye chaki. Ilikuwa nyeupe, fupi, imevunjika upande mmoja, na aliisukuma kiganjani kwangu kwa vidole viwili kama mtu anayetoa sadaka asiyotaka ionekane. Nilifika nayo nyumbani. Iko hapa mezani. Mwanangu ameitumia kuandika 507 kwenye ukuta wa nje, kwa herufi kubwa, na baba yake anasema tusifute.

Mteja Mwaminifu

Hiyo chaki ni mali ya shule, mama. Imenunuliwa kwa zile shilingi 500 za mwezi. Irudishwe.

Mama wa Moshono

Mimi nataka kuuliza kuhusu michango ya uji, maana hapa naona wenye uelewa. Tulikubaliana kikaoni kwamba kila mzazi atoe mahindi kilo nane na maharage kilo tatu kwa muhula ili watoto wasisinzie mchana, na mwezi wa kwanza mambo yalikwenda vizuri. Sasa uji umekuwa mwepesi kiasi kwamba mtoto anajiona usoni, na makande yana mahindi mengi na harage moja lililofanana na mwalimu mkuu kwa upweke. Maharage yetu yanakwenda wapi?

Baba Mapacha

Mama wa Moshono, kwetu yalioza stoo. Yalikuwa mabichi, yakafungiwa kabla hayajaanikwa, na wadudu wakafaulu kuliko wanafunzi.

Mama Gunia

Yasingeoza kama mngenunua yaliyokauka vizuri. Harage likikauka, ukiling'ata halipokei jino, na ukilimimina kwenye sinia linalia kama kokoto. Mnanunua ya bei rahisi yaliyomwagiwa maji ili yaongezeke uzito, kisha mnalaumu stoo.

Mama wa Moshono

Kumbe. Je, kamati yetu ikitaka kuchukua gunia mbili za maharage ya njano kwa pamoja, utatupunguzia?

Mama Gunia

Nitapunguza, na mizani mtaitazama wenyewe. Njooni kabla ya saa nne asubuhi, upande wa nafaka, muulize kwa jina hili hili. Mfuko wa kufungashia mje nao.