Kozi za wiki mbili za kuchomelea vyuma: vyeti vinagawiwa, mafundi hawapatikani

Wakuu,

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira. Hizi kozi fupi za "ujuzi kwa vijana wasio na ajira" zinazozungushwa kwenye kata, hasa za uchomeleaji, zinawapotezea vijana muda na kuwaaibisha mbele ya mafundi.

Tupige hesabu. Pakiti ya kilo 2.5 ya vijiti vya kuchomelea, vya unene wa milimita 2.5, ina vijiti kama 130. Kijiti kimoja kinaisha kwa takriban dakika moja. Darasa la vijana 40 likiletewa pakiti mbili kwa kozi nzima, kila mtu anaambulia vijiti sita au saba. Dakika saba za kushika moto! Na viwili vya kwanza vinaishia kunata kwenye chuma, maana mkono bado haujajua umbali. Muda uliobaki ni daftari: aina za maungio, tabia za mjasiriamali, namna ya kuandika barua ya kazi. Kisha mgeni rasmi, fulana, picha, cheti.

Sasa kijana anaenda karakana kuomba kibarua. Anapewa skwea paipu ya unene wa milimita 1.2 aunge fremu ya dirisha. Darasani alichomea vipande vya bamba nene kwa ampia (kipimo cha mkondo wa umeme) 100 na zaidi, basi anaiacha mashine kwenye kipimo hichohicho na kutoboa paipu. Akishusha ampia kupita kiasi, mshono unakaa juu juu, ukigongwa nyundo unabanduka. Hakuna aliyemwambia ashuke hadi ampia 60 hivi, adonoe na kuachia badala ya kuburuta kijiti. Hakuna aliyemwonyesha kushika kona zote nne kwanza kwa alama ndogo za moto, kupima ulalo wa kwanza na wa pili (kutoka kona hadi kona ya mkabala), na kama vipimo havilingani kugonga mpaka vilingane, ndipo achomee huku akihama kona kwa kona ili joto lisivute fremu. Vijiti vimelala sakafuni vikapata unyevu, mshono unajaa vitundu, naye anadhani mkono wake ndio mbaya. Mwenye karakana anamrudisha nyumbani siku hiyohiyo, na simlaumu, paipu ni hela yake.

Vifaa vya kuanzia ndiyo aibu kubwa zaidi. Mashine moja na grinda moja kwa kikundi cha watu kumi ambao hawakuwahi kufahamiana kabla ya kozi. Atunze nani? Alipe umeme nani? Mwisho inauzwa wagawane. Na hata wakiitunza, mashine inakabidhiwa bila neno lolote kuhusu umeme. Wanaivuta kwa ekstensheni ndefu yenye waya wa milimita 1.5, waya unachemka, moto unakuwa dhaifu, wanasema mashine ni feki. Wengine wanaambiwa wanunue jenereta ya kVA 2 (kVA ni kipimo cha uwezo wa jenereta). Kuchomea kwa ampia 80 au 90 kunataka jenereta ya kVA 5 hivi ili isihangaike. Jambo hili lingefundishwa asubuhi moja tu!

Msiniambie fedha hazipo. Waajiri wa Tanzania Bara wenye wafanyakazi 10 na kuendelea wanalipa tozo ya kuendeleza ujuzi, iliyoshushwa kutoka asilimia 4 hadi 3.5 mwaka 2023. Bajeti za miradi nazo zina ukumbi, chakula, posho na mabango. Punguzeni hapo, nunueni vijiti na vyuma chakavu.

Njia yenyewe inajulikana. Mpelekeni kijana kwa fundi wa mtaani miezi sita, na fundi alipwe kwa kumfundisha, kwa sababu asipolipwa atamfanya mshika paipu na mfagiaji. Wekeni daftari la kazi linalosainiwa: dirisha, geti, mlango, ngazi, kila kimoja alichokifanya mwanzo hadi mwisho. Msimamizi apite bila taarifa, agonge mishono. Kioo cha barakoa kiwe cha giza namba 10 au 11, tuachane na miwani ya jua inayowafanya walale macho yakiwaka. Ujuzi ukishakaa mkononi, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kumpima na kumrasimisha fundi aliyejifunzia mtaani. Cheti cha namna hiyo mwajiri anakisoma akakiamini.

Waratibu wa miradi mliomo humu, msije kunijibu kwa idadi ya wahitimu. Andikeni hapa kila kijana alichomea vijiti vingapi, mashine zilikuwa ngapi kwa vijana wangapi, na ni wangapi bado wanachomelea miezi sita baada ya kupewa cheti.