Yule mtembeza watalii wa Rio ni wa kumkimbia! Eti Valongo "ni mawe tu"

Wakuu nimeshushwa hapa Copacabana sasa hivi, hata viatu sijavua, na hili nisipolitoa leo silali.

Yule jamaa wa Rio mnamjua, msijifanye. Kila aliyenunua ziara ya kutwa kwenye huu mji kakutana naye. Kofia ya njano, kimaiki kimebanwa shavuni hata kwenye basi dogo ambalo ukipiga chafya dereva anakwambia afya, na anacheka vichekesho vyake kabla hajavimaliza. Jina silitaji mods wasije kunifungia uzi, na hana haja ya kutajwa.

Huyo mtu leo kaniambia Cais do Valongo, lile gati la kale walikoshushiwa watumwa, NI MAWE TU. Kwenye maiki. Basi zima linasikia.

Ratiba ninayo kwenye simu: mlima Corcovado wenye sanamu ya Kristo asubuhi, ngazi za Selarón, Cais do Valongo, chakula cha mchana, jioni mlima wa Pão de Açúcar. Kulikuwa na ziara za bei nafuu kibao, nikaziacha zote kwa sababu hazikuwa na Valongo. Hilo ndilo nililolipia, hayo mengine nilikuwa nayaona kama nyongeza.

Corcovado tumekuta ukungu. Mita 710 juu ya bahari, sanamu ya mita 30, na sisi tunaona kiweko tu, Kristo mwenyewe yuko mawinguni. Hali ya hewa simlaumu mtu. Lakini upepo ukaja, ukungu ukaachia, uso ukatokea na mkono mmoja, watu wakapiga kelele, wengine wamelala chali sakafuni wapate picha, na palepale jamaa anapiga makofi, twende twende muda umeisha! Ukungu ulikuwa na huruma kuliko yeye. Nikanyamaza. Selarón zile ngazi 215 za vigae tukapita mbio kama tunafukuzwa na mgambo. Nikanyamaza tena, nikajua anawahisha Valongo.

Tukafika Praça Mauá, naliona lile jumba jeupe la Museu do Amanhã, najua tumekaribia, nimeshatoa simu. Basi likapita. Nikanyoosha mkono, kaka samahani, Valongo tunashukia wapi? Akageuka, akacheka, akasema kwenye maiki, "Aah rafiki yangu, pale hakuna kitu, ni mawe tu." Na watu wawili watatu wakacheka naye!!

Mawe tu? Yale mawe yamepangwa pale 1811 na inakadiriwa Waafrika laki tisa wameshushwa hapo wakiwa watumwa. Laki tisa! Wengi wametoka Angola na Kongo, lakini wa Msumbiji pia wamo, yaani mwambao wetu huu huu. Halafu 1843 wakayafukia, wakajenga gati jipya juu yake la kumpokea Teresa Cristina anakuja kwa mumewe, mfalme Pedro wa Pili. Yakakaa chini ya udongo mpaka 2011 walipochimba wakati wa kukarabati bandari, wakakuta na shanga na kauri na hirizi za watu. 2017 UNESCO wakayatia kwenye urithi wa dunia. Mtu amevuka bahari na hirizi yake, miaka yote hiyo iko chini ya barabara, imekuja kupatikana, halafu wewe unayelipwa kuonyesha watu unasema hakuna kitu?

Sasa sikilizeni alipotupeleka badala yake. DUKA LA VITO. Duka la mawe wakuu!! Mlangoni kila mmoja kabandikwa stika ya namba kifuani ili kamisheni isipotee njia, mlango ukafungwa nyuma yetu, tukapewa kahawa. Dada akaleta sinia la mahameli meusi, akawasha taa, anainua akwamarini moja moja kwa kibano anaigeuza ing'ae, na kile kikaratasi cha bei kiko chini chini, hakionekani mpaka uulize. Jamaa yuko mlangoni anakula biskuti. Tumekaa humo mpaka nimeanza kuota ndevu upya. Yale mawe yalikuwa na muda!

Matokeo yake jua limezama tuko kwenye foleni ya kebo pale chini. Pão de Açúcar unapanda kwa awamu mbili, kwanza Morro da Urca halafu kilele chenyewe mita 396, na sisi hata Urca tumefika giza limeshaingia, tunapiga picha taa. Na wakati wa kushuka kwenye basi kasimama mlangoni na bahasha ya bakshishi. Nimempita. Akaniita rafiki yangu tena! Kwa lile lile neno alilonitukania!

Valongo haina geti, haina tiketi, iko wazi barabarani, bure. Dakika kumi tu nilikuwa nazitaka, nisimame pale. Ni mawe tu. Akome.

Mzee wa Kurasini: Ngoja waliofika Brazil waje. Sisi wa Feri tunasoma comments.

Kidawa88: Pole sana ndugu yangu. Huyo namjua, ndiye huyo huyo! Sisi alituambia ngazi za Selarón zilijengwa na Wareno wakati yule Jorge Selarón ni Mchile, kaanza kubandika vigae 1990. Nikamrekebisha, akaniambia nisimharibie kazi.

chalii_wa_ngaramtoni: Chai hii. Uzi hauna picha, ukungu umefunika kila kitu, Valongo hukushuka, jua limezama. Yaani ushahidi wote umepotea siku moja? Weka muhuri wa paspoti tuuone.

Mtoa uzi: @chalii picha ya stika ya namba hiyo hapo chini, iko mpaka kwenye shati. Na kuna watu humu kila anayesafiri kwao ni muongo, sijui mmerogwa na nani.

Jiwe la Mererani: Mtu katoka nchi ya Tanzanite kaenda kufungiwa duka la mawe Brazil 😂😂😂 ungewauzia wewe. Ulinunua au hukununua? Hapo umeruka haraka.

Mtoa uzi: Sikununua hata kahawa yao sikuimaliza. Hoja ni kwamba kasema ni mawe tu.

Jiwe la Mererani: Kwa hiyo hata kahawa umeacha. Maskini jeuri.

Mwana wa Masasi: Mimi hili limenigusa pabaya. Bibi yangu ni Mmakua, na Wamakua walisafirishwa kutoka Kisiwa cha Msumbiji mpaka Brazil. Ukienda tena, mtaa wa pili tu kutoka hapo kuna makaburi ya Pretos Novos, wale waliokufa meli ikishaingia ghuba ya Rio au baada tu ya kushushwa. Yaligundulika 1996, watu wanakarabati nyumba yao wakakuta mifupa. Nenda mwenyewe kwa miguu, achana na mabasi ya hao watu.

Mtoa uzi: Ahsante mkuu, wewe ndiye umenielewa. Kesho naenda kabla sijanywa chai.

Baharia wa Nungwi: Ungeshuka tu pale Praça Mauá, ni kutembea kidogo. Mbona hukugonga basi?

Mtoa uzi: Basi halikusimama!! Niruke dirishani?

Baharia wa Nungwi: Konda wa Gongo la Mboto angekushusha.

Kidawa88: Na chakula je? Sisi alitupeleka rodízio, wanapita na nyama kwenye mishikaki mirefu, wanaanza na soseji na kuku mpaka mmeshiba, nyama nzuri ikija hamna pa kuiweka.

Mama Nasri: Hayo ya duka msiende mbali. Mimi nimelipia ziara ya viungo Unguja na wageni wangu, shamba tumekaa kidogo, muda wote meza ya sabuni na manukato. Mtoto kavishwa taji la majani ya mnazi bila kuuliza, mwisho wa safari taji lina bei.

chalii_wa_ngaramtoni: Hilo la taji ni kweli, nilivishwa na tai ya majani. Nililipa.

Baharia wa Nungwi: Mama Nasri usitukane Unguja, wewe ulichukua mtu wa vichochoroni. Chukua mwenye leseni.

Mama Nasri: Mwenye leseni ndiye aliyeniuzia iliki ya mwaka juzi!

Kibarua wa Doha: Afadhali nyie. Huku nilienda ziara ya jangwani, niko juu ya ngamia mwarabu mmoja kanipiga picha nikafikiri ni ukarimu, picha ikaja na bili ndani ya fremu.

Mwana wa Masasi: Tusitoke kwenye mada wakuu.

Mzee wa Kurasini: Mada ipi, ya iliki au ya ngamia? Mtoa uzi nikuulize, kadi ya homa ya manjano unayo? Ukitokea Brazil wanaiulizia uwanjani hapa nyumbani. Shemeji yangu aliisahau hotelini, kasimamishwa pembeni na mabegi yake wenzake wote wameshaondoka.

Mama Nasri: Uwanjani usiniambie kitu. Juzi teksi ya kutoka uwanjani mpaka Tabata nimetajiwa bei nikafikiri ananipeleka Morogoro.

Jiwe la Mererani: Mama Nasri ulilipa ngapi? Mimi niko Tabata, nitajie nicheke.