Buildroot, Yocto au OpenWrt kwa mashine inayoongea Kiswahili?

fundi_ngara
Wakuu, habari za jioni. Nina mashine ya kuuza maji kwa kadi, inaenda Mukuru, Nairobi. Ndani kuna Orange Pi One, kompyuta ndogo ya bodi moja, yenye RAM ya MB 512 na kiskrini cha mistari minne. Programu nimeiandika kwa C, tafsiri za Kiswahili ziko kwenye faili ya maandishi, sw.po, na kwenye laptopu Kiswahili kinatoka safi. Kwenye bodi inaniambia "Insert card". Nimejenga kwa Buildroot, zana ya kujenga mfumo mzima wa Linux wa bodi. Jirani yangu wa meza anasema nihamie Yocto, mwingine anasema OpenWrt, nazo za kazi hiyohiyo. Nihame au nikae?

dada_terminali
Usihame kabla hujajua kinachokuuma. BR2_SYSTEM_ENABLE_NLS, swichi ya tafsiri, umewasha? Huwa imezimwa, na ikizimwa vifurushi vinakompailiwa kwa --disable-nls. Ukiiwasha leo, piga make clean ujenge yote upya. Buildroot haifuatilii badiliko kama hilo limegusa nani. Ukipiga make tu, vya jana vitabaki vya jana.

fundi_ngara
Niliwasha, nikasafisha, nikajenga usiku kucha. Stima ikapotea, nikaanza tena. Cha ajabu, faili ya .mo (sw.po ikishakompailiwa) naiona kwenye output/build, lakini kwenye output/target/usr/share/locale hakuna sw.

mzee_kobe
Imefagiwa. Kuna BR2_ENABLE_LOCALE_PURGE, hiyo nayo huja imewashwa, na orodha ya wanaosamehewa ni "C en_US" basi. Ujenzi ukiisha inafuta kila lugha isiyo kwenye orodha, haiulizi mtu. Ongeza sw. Si sw_KE, ni sw! Inalinganisha jina la saraka herufi kwa herufi, na saraka yako inaitwa sw. Mimi niliandika sw_KE nikamaliza Jumamosi nzima nikimlaumu msgfmt, mkompaili wa .po, bure.

Halafu BR2_GENERATE_LOCALE, weka sw_KE.UTF-8. Watu huchanganya hizi mbili. Ile .mo ni maneno yako. Hii ni lokale yenyewe, zile kanuni za lugha na nchi ambazo glibc, maktaba kuu ya C, huzitafuta programu ikiita setlocale ili kuchagua lugha. Isipozipata, setlocale inarudisha NULL, programu inabaki kwenye lokale ya C, yaani bila tafsiri, na gettext, inayoleta tafsiri, haihangaiki hata kufungua .mo. glibc ina sw_KE na sw_TZ, kwa hivyo hutungi kitu. sw.po moja inatosha kote, maana gettext ikikosa sw_KE hushuka hadi sw.

kijana_wa_yocto
Haya yote kwa Yocto ni mistari miwili kwenye local.conf, faili ya mipangilio, wazee wangu:

IMAGE_LINGUAS = "en-us sw-ke"
GLIBC_GENERATE_LOCALES = "en_US.UTF-8 sw_KE.UTF-8"

Juu ni kistari cha kati, chini ni cha chini, msikosee. Kwenye resipe yako (maelekezo ya kujenga programu) weka inherit gettext. Tafsiri za programu hukatwa zikawa kifurushi cha peke yake, chenye -locale-sw mwishoni, na imeji, mfumo uliokwisha kujengwa, hubeba lugha ulizotaja tu. Ukibadilisha mstari, yenyewe inajua cha kujenga upya.

dada_terminali
Mistari miwili na makumi ya gigabaiti ya diski, mdogo wangu, hilo umelipitia mbio. Ningekuwa na bodi nne tofauti na wateja wa lugha tatu, ningekufuata bila kubishana. Huyu ana bodi moja na mashine ya maji.

mzee_kobe
Na OpenWrt ni ya ruta. CONFIG_BUILD_NLS ipo, lakini chini yake kuna musl, maktaba nyingine ya C badala ya glibc, utaanza somo jipya.

mwalimu_wa_po
Nichungulie hiyo sw.po kidogo. Wengi huona "lita" haibadiliki wakadhani ngettext, ya kuchagua umoja au wingi, haina kazi kwetu. Nomino haibadiliki, kitenzi kinabadilika: "Lita %d imebaki" kwa moja, "Lita %d zimebaki" kwa zaidi. Kichwani mwa faili weka nplurals=2; plural=(n != 1). Na saa usitegemee lokale. strftime, inayoandika saa kwenye C, itakupa 14:00. Kama unataka "saa nane", hesabu ya kutoa sita ni juu yako.

fundi_ngara
Asanteni. sw sasa ipo kwenye target. Lakini tazameni hili: nikiingia kwa kebo ya siriali nikaianzisha kwa mkono, "Weka kadi". Nikizima umeme na kuwasha, "Insert card". Bodi ileile, imeji ileile!

dada_terminali
LANG, kigezo kinachotaja lugha, umeiweka kwenye /etc/profile, siyo? Faili hiyo husomwa mtu akiingia. Skripti za /etc/init.d zinaanzishwa na init, programu ya kwanza bodi ikiwaka, hazipiti hapo. Weka export LANG=sw_KE.UTF-8 ndani ya skripti inayoanzisha programu yako.

fundi_ngara
Imekubali, dada! Nimezima na kuwasha mara tano, "Weka kadi" mara tano. Nabaki na Buildroot. Kijana, nikipata mteja wa bodi ya pili nitakutafuta. Sasa kilichobaki ni cha mwalimu: mstari wa kiskrini ni herufi 20, na "Tafadhali subiri, maji yanatoka" inakatika kwenye "ma".

mwalimu_wa_po
"Subiri maji".

fundi_ngara
Mteja anataka tafadhali.

mwalimu_wa_po
Mistari si minne?