Yule jamaa wa kikundi cha saa leo amenivua nguo mbele za watu

Mtoto wa Sakina (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Jioni yangu mimi haina habari njema, mtanisamehe.

Ndiyo kwanza nimeshuka kwenye kifodi, hata viatu sijavua, naandika vidole vinatetemeka. Wale wa Chuga, Arusha hapa, tunaokutana Jumamosi kuonyeshana saa, mnamjua ninayemsema. Jina silitaji kwa sababu nikilitaja atafurahi. Ni yule anayekunja mkono mmoja tu wa shati, wa kushoto. Julai hii, baridi inakata masikio, watu tumevaa masweta mawili mawili, yeye mkono wa kushoto uko nje unapigwa na upepo wa Meru ili mradi saa ionekane. Huyo huyo.

Sasa sikilizeni. Nimenunua Seiko 5 Sports. Mpya. Siyo ya mtumba, siyo ya kurithi, siyo "nimeletewa na mjomba". Mpya kabisa, ile nailoni ya kioo bado ipo, na ya mgongoni bado ipo. Uso wa bluu, pete ya juu inazunguka, mkanda wa chuma. Laki saba na nusu, hela yangu halali ya vitunguu vya Mang'ola, sijamwibia mtu.

Nikaenda nayo na boksi lake. Nikaiweka mezani tulipokuwa tunasubiri mtori. Jamaa akavuta boksi upande wake, hakuomba. Akafungua. Akaitoa saa kwa vidole viwili, kama mtu aliyekabidhiwa nepi ya mtoto wa jirani. Akaitazama usoni. Akaigeuza, akaitazama mgongoni. Akairudisha ndani. Akafunga boksi taratibu. Akaninyanyulia macho, akasema:

"Boksi zuri. Saa yenyewe iko wapi?"

Wakuu. SAA YENYEWE IKO WAPI.

Meza nzima ikalipuka. Kuna mzee wetu mmoja pale hajawahi kucheka tangu nchi ipate uhuru, leo kacheka mpaka kapaliwa, ikabidi apigwe mgongo. Mhudumu alikuwa anapanga mabakuli, akayarudisha kwenye sinia ili acheke vizuri. Ngaramtoni walisikia. Nina hakika Longido pia walisikia.

Saa ina kosa gani? Seiko wako kazini tangu 1881. Ndani kuna mashine ya 4R36. Inajijaza yenyewe ukitembea, na ukitaka unaijaza kwa mkono. Ukivuta kile kitufe cha pembeni mshale wa sekunde unasimama, unakusubiri uweke dakika zako sawa. Zile za zamani zenye mashine ya 7S26 hazikuwa na hayo, ulikuwa unaitikisa na kumwachia Mungu. Mgongoni kuna kioo, unaiona mashine inahangaika humo ndani. Yeye kaiona yote hiyo! Alikuwa ameishika! Anauliza iko wapi!

Angekuwa haoni ningemsamehe. Lakini alisoma mpaka maandishi ya nyuma, midomo ilikuwa inacheza. NDIPO akafunga boksi. Kule kufunga boksi kunaniuma kuliko hata maneno. Taratibu vile, mpaka mfuniko ukalia "tap". Mtu anafunga hivyo jeneza.

Na yeye je? Leo kaja na ile Rolex Submariner anayosema imetoka Geneva. Mimi nilikaa upande wa huo mkono wake usioona baridi. Mshale wa sekunde unaruka. Tik. Tik. Tik. Mwenye masikio na asikie.

Nimeondoka mtori haujafika mdomoni. Haya semeni, ila msinitanie, leo siko sawa.

Kipara wa Njiro

Uzi mzuri. Picha yenyewe iko wapi?

Chalii wa Moshono

Hahahaaa Kipara wewe utachomwa moto.

Mimi nilikuwepo wakuu. Mleta uzi amepunguza chumvi. Mhudumu alikaa chini kabisa, akashika mguu wa meza. Halafu mkuu, mtori wako nimeulipia mimi, elfu tano, na ndizi zenyewe ulikuwa umeshazikoroga kwa hiyo walikataa kurudisha. Tuma kwenye simu.

Mtoto wa Sakina

Sitoi hata senti. Atoe aliyefunga boksi.

Mangi wa Pasua

Ndiyo maana sisi wa Moshi hatuji huko kwenu. Huku mtu akileta saa mpya tunaipokea kwa mbege kwanza, kumcheka ni baada ya kibuyu cha pili. Nyie mnamcheka mtu na njaa yake. Hamna utu.

Chalii wa Moshono

Mangi, nyie hamcheki kwa sababu mnapiga hesabu ataiuza lini mje mumlalie bei.

Mangi wa Pasua

Na tutamlalia kweli. Mleta uzi, laki tatu na nusu, na boksi lake zuri. Napanda Noah kesho asubuhi.

Fundi Kimya

Hapo kwenye tik tik tusimame kidogo, hapo ndipo penye uzi. Submariner ipo tangu 1953 na ni saa ya mashine, haina betri. Za miaka hii zinapiga mapigo 28,800 kwa saa, yaani manane kwa sekunde moja, kwa hiyo mshale unaonekana unateleza. Hata hiyo Seiko ya mleta uzi ni 21,600, mapigo sita kwa sekunde. Mshale ukiruka mara moja kila sekunde, ndani kuna betri, na kama ndani kuna betri, Geneva haihusiki. Mjadala umeisha.

Profesa wa Saa Moja

Fundi usipotoshe vijana. Rolex waliwahi kutengeneza saa za betri. Oysterquartz, 1977.

Fundi Kimya

Oysterquartz ilitoka kwenye Datejust na Day-Date, Rolex za aina nyingine. Haijawahi kuwa Submariner hata usingizini.

Profesa wa Saa Moja

Nimesema WALIWAHI kutengeneza. Sijasema Submariner. Jifunze kusoma.

Fundi Kimya

Tunazungumzia mkono wa nani hapa? Wa jamaa. Amevaa nini? Submariner. Sasa Oysterquartz yako imekuja kufanya nini kwenye uzi wa watu?

Profesa wa Saa Moja

Elimu haina mahali.

Kipara wa Njiro

Nyie wawili nendeni inboksi mkapendane huko.

Casio Milele

Mimi navaa F-91W. Muundo wa 1989, gramu 21, betri miaka saba ndiyo unakumbuka kuwa ina betri. Nimelima nayo, nimechota nayo maji, nimeoa nayo. Hakuna aliyewahi kuniuliza saa yenyewe iko wapi, maana kila ikifika saa kamili inapiga "pip pip" mpaka padri anageuka.

Dada wa Kijenge

Nyie mnalia kwa maneno tu. Kuna fundi mmoja hapo mjini, simtaji, wenye saa wote mnamjua, ana miwani imefungwa kwa uzi. Nilimpelekea Citizen ya marehemu baba abadilishe kioo. Saa ya kujijaza, baba aliivaa mpaka mkanda ukashika umbo la mkono wake. Akaniambia rudi Ijumaa. Nikarudi Ijumaa. Kioo kipya, kinang'aa, nikashukuru nikalipa. Nafika nyumbani naiweka sikioni, naisikia inaruka sekunde sekunde. Nikaifungua na kisu cha mboga. NDANI KUNA BETRI. Uso wa baba, mishale ya baba, tumbo la mtu mwingine.

Nimerudi kumuuliza, anasema "dada nimekuboreshea".

Chalii wa Moshono

Nimekuboreshea 😂😂😂 huyo ni wa kufungwa.

Fundi Kimya

Dada hii inaniuma kuliko ya mleta uzi mara mia. Mashine yako hapo imeshauzwa kama spea. Ukipeleka saa kwa fundi yeyote, mimi nikiwemo, mwambie aifungue mbele yako na uipige picha ndani kabla hujaiacha.

Mtoto wa Sakina

Pole dada, lakini tusitoke kwenye mada. Alifunga boksi TARATIBU.

Kipara wa Njiro

Jamaa mwenyewe yumo humu, nimeona jina lake hapo chini kwenye waliopenda uzi. Amependa uzi na pia amependa jibu la Profesa.

Mtoto wa Sakina

Amependa uzi? Uzi wa kumsema yeye? Wakuu huyu mtu ni wa aina gani?

Mke wa Mtu Levolosi

Samahani kaka zangu, mimi ni mgeni jukwaa hili. Hiyo Seiko ya uso wa bluu mlisema ni laki ngapi?

Mtoto wa Sakina

Laki saba na nusu dada yangu. Karibu sana. Halafu mtu anauliza iko wapi!

Mke wa Mtu Levolosi

Asante kaka. Hapana, endeleeni tu. Mume wangu anayo ya bluu, na anayo ya kijani. Aliniambia amezitoa soko la Kilombero, elfu thelathini kila moja, akaomba punguzo zote mbili zikawa elfu hamsini. Nilimsifu kwa kujua kuomba punguzo.

Kipara wa Njiro

Mleta uzi hariri hiyo bei.

Kipara wa Njiro

HARIRI SASA HIVI.

Chalii wa Moshono

Mod tunaomba uzi ufutwe, una lugha chafu.

Fundi Kimya

Shemeji, habari ya nyumbani. Usiwe na wasiwasi, za Kilombero na zenyewe zinafanana sana, mtu asiye mtaalamu hawezi kutofautisha. Inawezekana kabisa ya mumeo ni ya elfu thelathini.

Mke wa Mtu Levolosi

Asante shemeji. Sasa nitofautishie basi. Kitufe cha pembeni hakiko kwenye tatu, kiko kwenye nne. Nyuma kuna kioo, kuna kitu cha nusu duara kinazunguka ukiitikisa. Nikivuta kitufe, mshale unasimama. Ninayo mkononi hapa, yeye anaoga.

Casio Milele

Hiyo ndiyo yenyewe dada. Pole.

Kipara wa Njiro

Casio wewe ni msaliti na Mungu anakuona.

Casio Milele

Mimi yangu mke wangu anajua bei. Nalala usingizi.

Dada wa Kijenge

Hebu ngojeni. Wa kwangu ana moja kioo kimevimba juu, uso wa rangi ya krimu, imeandikwa Orient. Aliniambia amepewa zawadi kazini kwa utumishi bora. Hiyo nayo ni ya shilingi ngapi?

Fundi Kimya

Dada mimi nimeingiwa na kazi hapa, betri ya mtu imekwisha.

Profesa wa Saa Moja

Inaitwa Bambino. Ni ya mashine, halisi, ya Japani, na bei yake inaanzia

Chalii wa Moshono

PROFESA!!!

Profesa wa Saa Moja

Elimu haina mahali, ila naona mke wangu anaingia sebuleni.

Bibi wa Tengeru

Mimi babu yenu alinunua saa mwaka tuliouza ng'ombe, akasema ng'ombe alikufa. Nyie mnashangaa nini?

Mke wa Mtu Levolosi

Shikamoo bibi. Ametoka kuoga. Nimemuuliza "hii ya kijani ni bei gani vile?" Amesema elfu ishirini na tano. Nimemwambia nimeipenda, aniuzie mimi kwa elfu hamsini, apate faida mara mbili. Amekaa kitandani hajibu.

Mangi wa Pasua

Mama mimi natoa elfu sitini. Mwambie nakuja na Noah ya kesho asubuhi, nilikuwa na safari ya huko huko.

Mtoto wa Sakina

Wakuu turudi kwenye mada jamani. Nitamjibu nini Jumamosi ijayo? Nimewaza nimwambie "mshale wako unaruka" mbele ya wote, mnaonaje? Au ninyamaze, nisiende?

Dada wa Kijenge

Jumamosi ijayo tunakuja wake wote. Huo mtori mnakulia wapi?

Kipara wa Njiro

Kikundi kimevunjwa dada. Kimevunjwa leo hii saa mbili usiku.

Mtoto wa Sakina

Kimevunjwa na nani? Mbona sijaambiwa?

Chalii wa Moshono

TANGAZO: Nauza Orient Bambino, uso wa krimu, mkanda wa ngozi haujapata hata mkunjo, boksi na karatasi zipo. Sababu ya kuuza: amani ya nyumba. Mwenye nia aje inboksi, asipige simu, narudia ASIPIGE SIMU.

Dada wa Kijenge

Baba Nuru?

Chalii wa Moshono

Umekosea mtu dada, mimi sijaoa.

Kipara wa Njiro

Na mimi nina G-Shock mbili za kutoa. Chalii, hiyo Bambino unaiachia bei gani?

Mangi wa Pasua

Ndiyo, taja bei hapa hapa.

Chalii wa Moshono

Ya kuuzia au ya kumwambia mke?

Mangi wa Pasua

Taja zote mbili, nitalipa ile ya mke.