Naomba ushauri: mbao, milango na vioo vya zamani ndani ya nyumba ya kisasa

Mleta mada

Habari zenu, wadau. Mimi na mwenzangu tunakamilisha nyumba ambayo sebule na jiko lake ni nafasi moja iliyo wazi, yenye kuta nyeupe, madirisha makubwa na sakafu ambayo kwa sasa ni zege tupu. Kutoka kwenye jengo la zamani lililobomolewa tumepata mbao ngumu za sakafu, milango minne ya paneli iliyopakwa rangi tabaka juu ya tabaka, na fremu za madirisha zikiwa na vioo vyake. Tunazo pia paleti (majukwaa ya mbao ya kubebea mizigo) zilizobaki wakati wa ujenzi, na chupa nyingi za kioo ambazo ningependa zivunjwe na kuchanganywa kwenye sakafu.

Sioni sababu ya kukata mti mwingine wakati mbao iliyokomaa kwa miongo mingi inatupwa jalalani. Mwenzangu anakubaliana nami, lakini ana hofu mbili. Ya kwanza ni kwamba sebule itafanana na stoo. Ya pili ni nzito zaidi kwa kuwa tuna mtoto anayetambaa: hatujui vitu hivi vilipakwa nini wala vilibeba nini kabla ya kutufikia. Naomba kuelekezwa ni kipi kiingie ndani, kipi kibaki nje, na kinachoingia kiandaliwe vipi ili nyumba ibaki na sura ya kisasa.

Mchangiaji wa kwanza, seremala

Ndugu mleta mada, hofu ya pili ya mwenzako ndiyo ya kuanza nayo, kwa sababu sura ya chumba hurekebishika baadaye, lakini sumu ikishaingia kwenye vumbi la nyumba kuiondoa ni kazi kubwa.

Tuanze na paleti. Paleti zinazosafiri baina ya nchi hugongwa muhuri wenye alama ya suke la ngano, herufi mbili za nchi na herufi za aina ya tiba. HT maana yake ni kwamba mbao ilipashwa joto mpaka kiini chake kikafikia nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30, na hiyo haina dawa ndani yake. MB maana yake ni kwamba ilifukizwa kwa methili bromidi, gesi ya sumu ya kuua wadudu, na mimi siingizi mbao ya namna hiyo ndani ya nyumba. Zingatia, hata hivyo, kwamba muhuri unazungumzia wadudu tu. Hausemi kama pipa la mafuta au la dawa ya mimea lilivuja juu ya paleti hiyo. Kwa hiyo paleti yenye doa la mafuta, yenye harufu usiyoielewa, au isiyo na muhuri kabisa, ibaki nje hata kama mbao yake inapendeza.

Kuhusu mbao zako ngumu, pitisha sumaku yenye nguvu juu ya kila ubao kabla haujafika kwenye mashine, kwani msumari uliokatika na kujificha ndani huharibu kisu cha randa na unaweza kumjeruhi fundi. Kisha tazama matundu ya wadudu wanaotoboa mbao. Tundu la zamani huwa na rangi iliyofifia na halitoi kitu. Likiwa linamwaga unga mweupe laini kila unapougonga ubao, wadudu bado wamo, na ubao huo usipangwe pamoja na mingine mpaka upashwe joto kwenye tanuri la kukaushia. Mwisho, zipange mbao ndani ya chumba kitakachozipokea, ukitenganisha kila safu kwa vijiti ili hewa ipite, mpaka kipimaunyevu kisome kati ya asilimia 8 na 12. Mbao iliyotoka kwenye unyevu na kupigiliwa siku hiyohiyo itasinyaa ikiwa imeshafungwa, na mianya itakayotokea haitakuwa kosa la umri wake.

Mchangiaji wa pili, mkaguzi wa majengo

Naongezea pale alipoishia seremala, kwa sababu milango yako ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko paleti. Rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi. Marekani ilipiga marufuku rangi hizo majumbani mwaka 1978, na nchi nyingine zilifuata kwa nyakati tofauti sana, kwa hiyo tabaka za chini za mlango wa zamani zichukuliwe kuwa na risasi mpaka kipimo kiseme vinginevyo. Hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto, na mtoto anayetambaa hupeleka mikono mdomoni mchana kutwa.

Usiipige milango hiyo msasa mkavu, wala usiichome kwa moto wa gesi ili kubandua rangi. Peleka vipande vya rangi vilivyobeba tabaka zote maabara. Ikionekana kuna risasi, kazi ya kuiondoa ifanywe nje ya nyumba, kwa dawa ya kubandulia na kwa kukwangua mbao ikiwa imelowa, na mabaki yakusanywe yote. Wapo watakaokushauri uifunike tu kwa rangi mpya. Kwa ubao uliotulia ukutani jambo hilo linaweza kukubalika, lakini mlango hufunguka na kufungwa, kingo zake husuguana na fremu kila siku, na kila msuguano huzalisha vumbi jipya kutoka tabaka za chini. Ndiyo maana mlango wenye risasi uliofunikwa haufai kuwa mlango tena.

Kwa kuwa vitu hivi vimetoka kwenye jengo lililobomolewa, angalia pia kama vipo vigae vya sakafu vya plastiki ngumu vya takribani sentimita 23 kwa 23, gundi nyeusi iliyoganda chini ya mbao, au vipande vya mabati ya saruji. Vyote hivyo vinaweza kuwa na asbesto, madini ya nyuzinyuzi ambayo vumbi lake hudhuru mapafu. Ukivikuta, usivivunje wala kuvisugua, mwite mtaalamu. Mataruma ya reli yaliyolowekwa kwenye kreosoti (dawa nyeusi ya kuhifadhi mbao), na mbao zenye rangi ya kijani iliyofifia ambazo huenda zilitiwa dawa ya kromu, shaba na aseniki, hazina nafasi ndani ya nyumba kwa namna yoyote.

Mleta mada

Nawashukuru sana. Milango nimeihamishia kwenye banda leo hii na sampuli ya rangi itapelekwa kupimwa. Paleti zenye HT ni chache, zilizobaki nimezitenga. Naomba sasa mnisaidie kuhusu sakafu ya chupa, na kuhusu ile hofu ya stoo.

Mchangiaji wa tatu, fundi wa terazo

Wazo la chupa ni zuri, na lina asili nzuri pia, kwa kuwa terazo yenyewe, yaani sakafu ya vipande vya mawe au kioo vilivyoshikamanishwa kisha kusagwa laini, ilianza kwa mafundi wa Venice kuokota mabaki ya marumaru na kuyafanya sakafu. Ila kioo si marumaru. Silika iliyomo kwenye kioo humenyuka na alkali ya saruji mahali penye unyevu, ikazaa ute unaovimba polepole na kuipasua sakafu kutoka ndani. Tatizo hili halionekani siku ya kukabidhi kazi, hujitokeza baadaye.

Njia za kulikwepa ni mbili. Unaweza kuacha saruji na kutumia epoksi, gundi ya plastiki inayoganda ngumu, kama kiunganishi, ambayo haina alkali hiyo na huwekwa kwa unene wa takribani milimita 10 tu juu ya zege lililokauka vizuri. Au ubaki na saruji lakini sehemu yake ichukuliwe na metakaolini (unga wa udongo mweupe uliochomwa) au majivu ya makaa ya mawe, ambayo hupunguza mmenyuko huo. Jambo ambalo wengi hawalitarajii ni kwamba kioo kikisagwa mpaka kuwa unga laini kabisa, nacho hugeuka kuwa kinga badala ya chanzo cha tatizo. Vipande vikubwa ndivyo vinavyoleta madhara. Mimi kwa nyumba yenu ningechagua epoksi, nikatumia rangi moja au mbili za chupa, na kumwaga sampuli ya ukubwa wa kigae kimoja kwanza ili muione chini ya mwanga wa chumba chenyewe. Chupa zioshwe mpaka gundi ya lebo iishe. Makali ya kioo hayatamdhuru mtoto, kwa sababu sakafu husagwa kwa almasi mpaka kila kipande kiwe sawa na uso wake.

Mchangiaji wa nne, mbunifu wa mambo ya ndani

Ndugu mleta mada, chumba hufanana na stoo kwa sababu moja kubwa: kila kitu kilichookotwa kimepewa nafasi ya kuonekana kwa kiwango sawa. Mbao ipo ukutani, chupa zipo kwenye taa, paleti imekuwa meza, dirisha limekuwa kioo cha kujitazamia, na hakuna kinachompumzisha mtazamaji. Ushauri wangu ni kwamba nafasi yenu ya wazi iwe na kitu kimoja cha zamani kinachotawala, nacho kwa maoni yangu ni zile mbao ngumu, na sakafu ya terazo iwe tulivu chini yake. Vingine vitafutiwe vyumba vingine, au viachwe.

Usasa wa chumba hauko kwenye umri wa mbao; uko kwenye mistari. Kata mbao zote ziwe na upana mmoja, hata kama utapoteza kiasi fulani, kisha ufunike kwa mbao hizo eneo zima lenye mwanzo na mwisho unaoeleweka: ukuta wote wa nyuma ya jiko la kupikia ukiacha sehemu iliyo karibu na moto, au milango yote ya kabati kutoka sakafuni hadi darini. Kipande cha mbao kilichobandikwa katikati ya ukuta mweupe huonekana kama kiraka, ilhali uso mzima wa mbao hiyohiyo huonekana umekusudiwa. Pale mbao inapokutana na ukuta au dari, acha mwanya mwembamba wa milimita 5 hadi 10 ulio sawa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mwanya huo huzaa kivuli kinachochora mstari safi, na pia huipa mbao nafasi ya kutanuka. Skrubu zifungwe kwa nyuma. Vishikizo vya kabati viwe vyembamba au visiwepo kabisa.

Mwanga nao una kazi yake. Taa za LED zenye mwanga wa joto, kati ya Kelvini 2700 na 3000, zikiwekwa juu karibu na ukuta na kumulika kuelekea chini, huamsha alama zote za mbao: mashimo ya misumari, mistari ya msumeno, tofauti za rangi. Mchana ukuta huohuo utakuwa mtulivu. Kwa umaliziaji tumia mafuta magumu ya mbao au vanishi ya maji isiyong'aa.

Nafasi yenu ina tatizo lingine ambalo hamjalitaja: kuta za plasta, vioo vikubwa na sakafu ngumu vitafanya sauti zirudi. Hapa vitu vilivyorejelewa vinafanya kazi kuliko kupamba. Paneli za manyoya ya PET, yanayotengenezwa kwa chupa za plastiki zilizoyeyushwa, hunyonya mwangwi vizuri, hasa zikiachiwa nafasi ya hewa nyuma yake. Rangi moja ya kijivu darini juu ya meza ya kulia chakula ingetosha.

Mchangiaji wa tano

Nakubaliana na mengi aliyosema mbunifu, ila natofautiana naye kuhusu vanishi isiyong'aa na upana mmoja. Tukilainisha na kusawazisha kila kitu, tunabaki na mbao ambayo ingeweza kununuliwa dukani. Mbunifu wa Uholanzi Piet Hein Eek, aliyehitimu Eindhoven mwaka 1990 kwa kabati la mbao chakavu, alifanya kinyume: aliacha rangi za zamani na tofauti za vipande zionekane, kisha akaunga kwa ustadi wa hali ya juu na kuupa uso wote mng'ao mzito. Kinacholifanya kabati la namna hiyo lisionekane kuwa la jalalani ni uungaji wake. Fundi anapotumia saa nyingi kwenye kipande kilichokuwa kinatupwa, thamani inaonekana kwa macho. Bila shaka njia hiyo inahitaji rangi zilizopimwa.

Kwa kaunta, mtu atakushauri mbao za plastiki ya HDPE iliyorejelewa, zenye madoadoa ya rangi. Ni nzuri bafuni na kwenye rafu. Jikoni jihadhari: plastiki hiyo huyeyuka kwenye nyuzi 130 hivi za Selsiasi, na sufuria ya mafuta ya kukaangia hupita hapo. Pia hutanuka sana kwa joto, hivyo matundu ya skrubu yawe marefu kidogo, na usitegemee gundi, kwa sababu nyingi haziishiki.

Mleta mada

Tumezungumza nyumbani. Mbao zitavaa kabati zote za jikoni mpaka darini, sakafu itakuwa ya epoksi yenye kioo cha kijani peke yake, na darini tutaweka paneli za PET. Kuhusu upana, nimeshawishika na mbunifu kwa jiko, lakini meza ya kulia nitaifanya kwa njia ya mchangiaji wa tano. Limebaki swali la fremu za madirisha. Nilitaka ziwe kizuizi chepesi kati ya sebule na lango la kuingilia.

Mchangiaji wa pili, mkaguzi wa majengo

Wazo lenyewe halina tatizo. Vioo ndivyo vibadilishwe. Kioo cha dirisha la zamani kwa kawaida ni kioo cha kawaida, kikivunjika hutoa vipande virefu vyenye ncha, na kizuizi kinachofika chini ndicho hasa ambacho mtoto atakisukuma. Pima kila fremu na uagize kioo cha tabaka mbili zilizounganishwa kwa utando, ambacho hata kikipasuka hubaki mahali pake. Kioo kilichoimarishwa kwa joto nacho kinafaa, ila kiagizwe kwa vipimo kamili, kwa kuwa hakikatiki tena baada ya kuimarishwa. Fremu zenyewe zina rangi ya jengo lilelile, kwa hiyo ziingie kwenye kipimo kimoja na milango kabla seremala hajazigusa. Kizuizi kifungwe juu na chini, kwenye zege, kabla terazo haijamwagwa, ili bolti zisije zikatoboa sakafu mpya.