Kujifunza gofu ukiwa Tabora: kocha wa Dar, video za simu au kedi mstaafu?

Mkazi_wa_Isevya
Wakuu, habari za leo. Nina miaka 41, naishi Isevya. Gofu sikuijua kabisa mpaka shemeji aliponipeleka uwanja wa gofu wa Lugalo nilipokuwa Dar kikazi. Nilipiga mipira kama 30, ukapaa mmoja tu, na huo mmoja mpaka leo nauona. Nataka kujifunza kwa dhati. Njia ninazoziona ni tatu: nichukue likizo ya wiki mbili nikae kwa kocha Dar kila siku, nijifunze hapahapa kwa video, maana shemeji kanipa fimbo ya chuma namba 7, au nimfuate mzee wa mtaani kwetu aliyekuwa kedi, yaani mbeba mikoba ya fimbo za wachezaji, Arusha kwa miaka mingi. Ipi itanifaa?

Nyuki_wa_Sikonge
Mkuu, video peke yake usithubutu. Mimi nilijifunza hivyo miezi minane, kila mpira unakata kulia, nikadhani tatizo ni kiuno. Nilipompata kocha hakutazama kiuno wala miguu, alinishika mkono wa kushoto. Kishikio kilikuwa kimelala katikati ya kiganja. Akakiteremsha mpaka kwenye mashina ya vidole, akaniambia nikitazama chini nione vifundo viwili vya mkono ule. Fimbo ikawa ngeni mkononi kama nimeazima ya mtu. Kuuzoea mshiko huo kulinichukua miezi minne mingine. Video inakuonyesha mwenzako anavyopiga, wewe haikuoni.

Mwalimu_Kanyenye
Naunga mkono kocha, ila wiki mbili mfululizo hapana. Darasani naona kila mwaka: mada nyingi kwa mkupuo, Ijumaa mtoto anazijua, Jumatatu hana hata moja. Chukua masomo mawili, rudi Tabora ukafanyie kazi jambo moja tu kwa mwezi mzima, ndipo uende tena. Na uwanjani nenda saa 12 alfajiri kabla watoto hawajafika na mpira wao wa miguu. Mpira wa gofu ni mgumu, unaumiza vibaya.

Dada_Ujiji
Jamani, huyo mzee msimpite hivihivi. Wachezaji wengi wa kulipwa wa Afrika Mashariki walianza kwa kubeba mikoba. Kedi anajua kusoma mteremko, anajua lini uache ushujaa upige mpira mfupi wa salama.

Halafu tazama hesabu hii. Uwanja wa mashimo 18 wenye kiwango cha mikwaju 72, kila shimo limehesabiwa mikwaju miwili ya kusukuma mpira kwenye grini, yaani sehemu laini inayozunguka shimo. Hiyo ni 36, nusu nzima! Kusukuma huko kunafanyika uani kwako. Shimo la gofu lina upana wa milimita 108, na kopo la rangi la lita moja linakaribia kabisa. Lifukie, fagia ardhi iwe laini. Wala usione haya, kaka: sehemu kame za Afrika watu wamecheza miaka mingi kwenye mchanga uliomwagiwa oili badala ya nyasi.

Nyuki_wa_Sikonge
Kweli kabisa, dada. Niongeze la moyo, maana ndilo lililokaribia kunitoa mchezoni. Kupiga mpira ni chini ya sekunde mbili. Mzunguko mzima ni saa nne au zaidi. Muda wote uliobaki uko na mawazo yako. Mimi nikikosea, nasema kwa sauti kilichoharibika, navua glavu, na ikishavuka vidole mkwaju ule nimeuacha palepale. Jioni naandika kwenye daftari mikwaju mitatu iliyokaa vizuri, hata kama siku ilikuwa mbaya.

Tena usijipime na wa kwenye televisheni. Mfumo wa dunia wa hendikapu, yaani mikwaju ya ziada anayohesabiwa mchezaji kulingana na uwezo wake, ulioanza 2020 unampokea mgeni hata kwa 54. Maana yake, kwenye uwanja wa 72, ukimaliza kwa mikwaju kama 126 umecheza kiwango chako.

Mkazi_wa_Isevya
126! Hapo nimepata nguvu. Basi Jumamosi naanza na mzee na kopo la rangi, Desemba naenda Dar kwa masomo mawili. Nyuki, vile vifundo viwili ni vya mkono wa kushoto tu?

Nyuki_wa_Sikonge
Wa kushoto tu, kama unatumia mkono wa kulia. Mkono wa kulia, kiganja kifunike kidole gumba cha kushoto. Na usikaze.