Naomba ushauri: mbingu ya mvua kwenye bamba la shaba

Jambo yenu wandugu. Niko Lubumbashi. Nachora terili (kilima cha mabaki ya madini) na shemine kubwa (bomba la moshi la kiwanda) mvua ikikaribia: nakwaruza bamba la shaba lililopakwa nta, kisha nalitia katika asidi ichimbe mistari, halafu naichapa kwenye karatasi. Lakini mbingu yangu inatoka nzito kama ukuta, hewa hakuna.

Nimetazama sana "Miti Mitatu", picha ya 1643 ya Rembrandt, mchoraji Mholanzi, iliyochapwa kwa bamba vilevile. Upeo uko chini, miti imesimama upande wa kuume, na mvua ni mistari michache tu iliyonyooka, ya mshazari, kule kushoto. Karatasi tupu ndiyo inayoleta mwanga!

Mimi nimeweka shemine katikati. Nadhani hapo ndipo nilipokosea. Niisogeze pembeni? Na mawingu, nikatanishe mistari, ao nipunguze muda wa asidi ibaki myembamba? Bamba la pili sitaki kuliharibu.